Jinsi ya kuifundisha familia yako kutambua habari feki, kuanzia kwenye grupu la ukoo

Maswali ninayoulizwa ni yale yale kila siku. Mama anafowadi kila kitu, nifanyeje? Mtoto anaamini kila alichokiona TikTok, nianzie wapi? Baba mkwe katuma voisi ya uongo kwenye grupu, nimwambieje bila kuonekana sina adabu? Nimeona niandike yote sehemu moja, ukiulizwa na wewe umtumie mtu hii hii.

Kabla ya yote elewa jambo moja alafu tuingie kazini. Ndugu zako wanaofowadi habari za uongo sio wajinga na wengi hawana nia mbaya. Shangazi akituma "jamani msile samaki wiki hii wana sumu" anatuma kwa sababu anawapenda na anaogopa mtakufa. Kwaiyo usijaribu kumfanya awe mtaalamu wa habari, hilo halitatokea. Unachotafuta ni kumpa kitu kidogo cha kufanya kati ya kusoma na kubonyeza fowadi. Ukifanikiwa hapo tu umemaliza sehemu kubwa ya kazi.

Vitu vya kuandaa

- Simu janja moja yenye app ya Google au Chrome, na bando dogo la siku.
- Meseji, picha na voisi kama tano au sita zilizowahi kupita kwenye grupu lenu na zikaja kuonekana ni uongo. Piga skrinshoti, kata jina la aliyetuma. Hili la kukata jina usiliruke kabisa.
- Meseji mbili tatu ambazo zilikuwa za KWELI lakini zinashtua. Utaona kwanini huko mbele.
- Mtu mzima mmoja anayesikilizwa nyumbani ambaye umeshaongea nae pembeni, awe bibi, awe baba mdogo, yeyote yule ambaye akisema "hili la msingi" wengine wanatulia.
- Nusu saa baada ya chakula cha usiku, TV imezimwa.

ANGALIZO: siku ya kwanza usilete mifano ya siasa wala ya dini. Najua ndo zinazokukera zaidi, ila ukianza nazo watu wanagawanyika upande huu na upande ule na somo linaishia hapo. Anza na dawa za miujiza, ajira feki na mafuriko. Siasa itakuja yenyewe wiki ya tatu, tena wao ndo watakaoileta.

Hatua ya 1: Waache wazee waanze kuongea

Usianze na simu. Uliza wakubwa wasimulie uvumi waliowahi kuusikia kabla ya simu za mkononi. Mumiani wanaonyonya watu damu, kila bibi wa pwani anazo hizo habari. Kwa wenye umri wa kati waulize 2011, wakati wa kikombe cha dawa cha Babu, yule mchungaji Ambilikile Masapila wa Samunge, Loliondo, watu walivyopanga foleni za magari wiki nzima kwenda kunywa kikombe cha shilingi 500 kwa ajili ya Ukimwi, kisukari, presha. Waulize kwa upole: wewe ulisikia kwa nani mara ya kwanza? Huyo alisikia kwa nani? Kuna yeyote mliyemjua aliyepimwa hospitali kabla na baada?

Usibishane nao kuhusu imani ya mtu, sio lengo. Lengo ni waone wenyewe kwamba habari ilifika kwao kwa mdomo wa mtu wanayempenda, sio kwa mtu aliyekuwa na ushahidi. Na wakati ule wataalamu wa afya walikuwa wanawasihi watu wasiache dawa zao, lakini sauti ya jirani ilikuwa inasikika zaidi. Mzee akishayasema haya kwa mdomo wake mwenyewe, kazi yako inakuwa nyepesi sana.

Hatua ya 2: Wafundishe maswali matatu tu

Wengine wanakuja na orodha ya maswali 12, hakuna atakayeikumbuka. Matatu yanatosha hata kwa mtoto wa darasa la tatu:

1. Nani kasema?
2. Kajuaje?
3. Anataka nifanye nini?

La kwanza na la pili kila mtu anayafahamu. La tatu ndo linalonasa uongo mwingi na ndo watu hawalijui. Chukua zile skrinshoti zako, soma moja moja, alafu kila mtu ajibu: huyu anataka tufanye nini? Utashangaa majibu yanavyojirudia. Anataka tusambaze haraka. Anataka tubonyeze linki. Anataka tutume hela. Anataka tuache dawa. Anataka tuogope, au tuwachukie watu fulani. Meseji ikitaka moja ya hivyo, tena SASA HIVI, hapo ndo pa kusimama.

Mfanye zoezi na voisi moja. Ile ya kawaida kabisa: "Ndugu zangu mimi ni daktari kwenye hospitali kubwa, siwezi kutaja jina langu, ila hali ni mbaya, wanaficha, tafadhali sambaza kabla hawajaifuta." Isikilizeni mara mbili. Nani kasema? Hatujui, hana jina. Hospitali gani? Haijatajwa. Lini? Leo, lakini leo ya tarehe ngapi? Voisi isiyo na tarehe inaweza kuzunguka miaka na kila akiisikia mtu anadhani ni ya asubuhi hii. Alafu anataka nini? Tusambaze. Yani katika dakika nzima kitu pekee kilichoeleweka vizuri ni agizo la kusambaza.

Hatua ya 3: Waonyeshe vimshale vya WhatsApp

Hii ni ya dakika mbili. Meseji iliyofowadiwa ina kamshale kamoja juu. Ikiwa imepita mikono mingi, yani imefowadiwa mfululizo mara tano au zaidi, inakuwa na mishale miwili na maandishi kwamba imefowadiwa mara nyingi. Na hiyo ya mishale miwili WhatsApp haikuruhusu kuituma kwenye chati zaidi ya moja kwa mkupuo, waliweka hivyo tangu 2020 ili kupunguza uvumi.

Kwaiyo mama akikwambia "hii kanitumia dada yako", mwonyeshe mishale. Dada kaipitisha tu, hakuiandika.

ANGALIZO: mtu akikopi maneno na kupesti mishale haionekani. Kutokuwepo kwa mshale sio uthibitisho wa kitu.

Hatua ya 4: Kukagua picha (hapa kaa muda mrefu)

Hii ndo hatua wanayoipenda wote, hasa watoto, maana ina raha ya upelelezi. Mfano wetu ni picha ya barabara imejaa maji, magari yanaelea, chini imeandikwa "Jangwani muda huu msipite", yani Jangwani ya Dar es Salaam.

a) Hifadhi picha kwenye simu.
b) Fungua app ya Google. Pembeni ya sehemu ya kuandikia kuna alama ya kamera, ibonyeze, alafu chagua picha yako.
c) Shuka chini kwenye matokeo, usiishie ya kwanza. Unatafuta picha ile ile, sio inayofanana nayo.
d) Fungua matokeo mawili matatu uangalie TAREHE. Picha hiyo hiyo ikiwa ilishatoka 2019 kwenye gazeti la nchi nyingine, basi, kesi imeisha, sio Jangwani na sio muda huu.
e) Ukitaka iliyo ya zamani zaidi nenda TinEye, ni tovuti ya kutafuta picha, pale unaweza kuyapanga matokeo yaanze na ya zamani.

Wakati matokeo yanafunguka wape watoto kazi ya kuitazama picha yenyewe kwa karibu. Namba za magari zinaanza na T? Usukani uko kulia kama wetu au kushoto? Mabango ya maduka yameandikwa lugha gani? Bodaboda wamevaa nini? Mtoto wa miaka tisa anaweza kukwambia "hii sio Dar, dereva kakaa kushoto" kabla Google haijamaliza kutafuta, na siku hiyo hatalala kwa furaha.

Video ni hivyo hivyo, isimamishe sehemu inayoonekana vizuri, piga skrinshoti, ikague kama picha.

ANGALIZO kubwa: Google isipoleta kitu haimaanishi picha ni ya kweli. Inamaanisha tu haijapatikana. Watu wengi wanakosea hapa, wanasema "nimeitafuta sijaona popote kwaiyo ni ya leo". Hapana. Jibu lake ni "bado hatujui", na bado hatujui ni jibu halali kabisa, wafundishe kulitamka bila aibu.

Na kosa lingine, picha inaweza kuwa ya kweli na maneno yakawa ya uongo. Ajali imetokea kweli, ila ilitokea miaka minne iliyopita mkoa mwingine. Hii ndo aina rahisi zaidi ya kutengeneza, haihitaji hata kompyuta.

Hatua ya 5: Sauti na video za akili mnemba (AI)

Siku hizi AI inamwongelesha kiongozi yeyote Kiswahili safi akitangaza mikopo isiyo na riba. Unaweza kuangalia midomo kama inaenda na maneno, vidole, maandishi ya nyuma yaliyovurugika. Lakini nakushauri usiitegemee sana njia hii, zinazidi kuwa nzuri kila mwezi na macho ya baba wa miaka 65 kwenye simu yenye kioo kilichopasuka hayataona. Rudi kwenye swali la kwanza: imewekwa wapi mara ya kwanza? Tangazo kubwa hivyo haliwezi kuwepo kwenye ukurasa wa Facebook uliofunguliwa juzi peke yake, lisiwepo redioni wala kwenye ukurasa wa huyo mtu mwenyewe.

Kwa simu za dharura wekeni neno la siri la nyumbani. Mtu akipiga kwa sauti ya kaka yako analia kapata ajali anataka hela, muulize neno. Hajui? Kata, piga namba yake ya siku zote. Usiliandike neno hilo kwenye grupu tafadhali.

Hatua ya 6: Kwenda kwenye chanzo

Kila aina ya habari ina kwao. Wafundishe kwa mifano, sio kwa nadharia:

Hali ya hewa ni TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinasogea Mafia na pwani ya kusini, TMA walikuwa wanatoa taarifa mfululizo, hukuhitaji voisi ya mtu asiyejulikana.

Ajira za serikali Tanzania ziko Sekretarieti ya Ajira, ajira.go.tz. Soma anuani kuanzia MWISHO. Ya serikali inaishia na .go.tz, Kenya ni .go.ke. Ukikuta "go-tz" imechomekwa katikati alafu mwisho kuna .com au blogspot, achana nayo. Na kazi inayokudai hela ya fomu, hela ya mafunzo au hela ya "kufungua faili" ni wizi, vijana wetu wanaotafuta ajira wanaumizwa sana hapa.

Kadi za habari zenye nembo ya Mwananchi, BBC Swahili au gazeti lingine, fungua ukurasa wao wenyewe uitafute. Kutengeneza kadi yenye nembo ya mtu ni kazi ya dakika tano. Kama haipo kwao usiisambaze.

Wako pia watu ambao kazi yao ni kukagua uvumi: JamiiCheck na Nukta Fakti kwa Tanzania, PesaCheck kwa Afrika Mashariki, Africa Check kwa bara zima. Andika maneno makuu ya uvumi pamoja na jina la mmoja wao kwenye Google, mara nyingi utakuta walishaumaliza. Uvumi mwingi ni wa zamani. Ule wa "kuanzia kesho simu zote zitarekodiwa, ukiona tiki tatu serikali imesoma" umezunguka dunia miaka mingi, na WhatsApp haijawahi kuwa na tiki zaidi ya mbili. Ule wa video ya "Martinelli" inayoua simu nao hivyo hivyo, ukifa unafufuka.

Taarifa rasmi nayo isome kwa maswali yale yale matatu. Ofisi inaweza kuchelewa, inaweza kusema nusu. Ukikuta jambo limesemwa na mamlaka na pia na vyombo viwili vitatu visivyotegemeana, hapo unasimama pazuri zaidi.

Hatua ya 7: Mkubaliane sheria ya grupu

Moja tu: kilichofowadiwa kinalala. Yani ukikipokea leo unakiacha mpaka kesho asubuhi, ukiamka bado unaona kina maana unakikagua, alafu ndo unatuma. Kama ni hatari ya kweli, mtoto kapotea mtaani, moto, barabara imekatika, usifowadi, PIGA SIMU kwa anayehusika. Aliyeitunga sheria awe yule mtu mzima uliyemwandaa, sio wewe.

Hatua ya 8: Kumrekebisha mkubwa

Hapa ndo wengi wanaharibu. Kijana amegundua meseji ya mjomba ni uongo, anaitupia linki grupuni na maneno "FAKE NEWS" na vicheko. Mjomba kaaibika mbele ya wakwe na watoto wa kaka yake, na kuanzia siku hiyo ataitetea ile meseji mpaka kaburini, maana sasa inahusu heshima yake.

Nenda inboksi, au bora zaidi mpigie. Kitu kama hiki:

"Shikamoo mjomba. Habari za nyumbani, mguu unaendeleaje? Mjomba ile uliyotutumia jana ya nanasi la moto kutibu saratani, nimeifuatilia maana nilitaka kumwambia mama mkubwa. Nimekuta imekaguliwa, hakuna hospitali iliyothibitisha, na wanasema mtu asiache matibabu. Naogopa mama mkubwa asije akaacha kwenda kliniki. Unaonaje ukiwaambia wewe pale grupuni, wewe watakusikiliza."

Angalia imefanya nini. Imeanza na salamu ya kweli, imemtaja mtu wanayempenda wote wawili ambaye anaweza kuumia, na imemwachia mjomba nafasi ya kurekebisha mwenyewe. Akikubali anaweza pia kuifuta kwa wote, WhatsApp inampa zaidi kidogo ya siku mbili tangu atume. Asipokubali, usigombane, subiri siku mbili.

Ila kama ni kitu kinachoweza kumuua mtu leo, usisubiri adabu ya inboksi. Mfano ile ya "ukipata shambulio la moyo ukiwa peke yako kohoa kwa nguvu". Andika grupuni kwa heshima, bila kumtaja aliyetuma: "Jamani wakubwa shikamooni, hii ya kukohoa haijathibitishwa kitaalamu, mtu akibanwa na kifua aite msaada awahishwe hospitali haraka."

Hatua ya 9: Watoto

Kwao fupi. Mara moja kwa wiki mtoto alete kitu kimoja alichokiona mtandaoni na wewe ulete kimoja, mnakisiana kweli au uongo, mnakagua pamoja. Zile meseji za kweli nilizokwambia uandae ndo kazi yake hapa. Ukileta za uongo tupu mtoto anajifunza kujibu "feki" kwa kila kitu bila kufikiri, na asiyeamini chochote ni rahisi kudanganywa kama anayeamini vyote. Mtoto akisema "hii kweli" na akaweza kukuonyesha kajuaje, msifie kuliko akikamata uongo.

Na wakubwa zaidi, wale wa sekondari wanaoedit skrinshoti za walimu na wanasiasa kwa utani, waambie Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu cha 16 kinahusu kuchapisha taarifa unazojua ni za uongo, faini haipungui milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3. Ila usimtishie bibi nayo, bibi aliamini tu, mtamfanya aogope simu.

Ukikwama

*Baba anasema "mnanifundisha mimi?"* Mbadilishie kazi. Mwombe yeye ndo awe mkaguzi wa habari za kilimo, au mpira, au chochote anachokijua. Mtu akishapewa cheo cha ukaguzi anaanza kukagua na vingine.

*Hakuna bando la kutafuta picha.* Maswali matatu hayahitaji bando. Redio pia. Na kumpigia mtu anayeishi eneo linalotajwa ni njia ya haraka kuliko Google, "shemeji uko Jangwani, kuna maji?"

*Simu ya mama inajaa mavideo yenyewe.* Ingia setingi za WhatsApp, sehemu ya storeji na data, zima kudownload kwenyewe. Alafu kwenye faragha, upande wa magrupu, weka kwamba wanaoweza kumuunga ni walioko kwenye kontakti zake tu. Magrupu mengi ya mikopo feki na "uwekezaji" yanaingilia hapo.

*Ameshatuma hela.* Usianze na lawama. Apige huduma kwa wateja ya mtandao wake sasa hivi aombe muamala uzuiwe, hizo dakika za mwanzo ndo zenye nafasi, alafu aripoti polisi. Namba ya tapeli iripotiwe 15040 kwa Tanzania, kwa Safaricom Kenya ni 333. Akishatulia, siku nyingine kabisa, mwombe ruhusa muitumie meseji aliyotumiwa kama mfano kwenye kikao chenu. Akikataa muache.

*Admini wa grupu ndo msambazaji mkuu.* Hii ngumu kweli. Hatua ya 8 inamhusu, ila pitia kwa mke wake au rafiki yake wa rika moja, sio wewe. Na mwombeni aongeze admini wa pili kwa ajili ya "kumsaidia", maana admini anaweza kufuta meseji ya mtu yeyote grupuni. Mchagueni yule dada mtulivu ambaye kila mtu anamuogopa kidogo.